Umeapgredi, mount inalia bad superblock: kabla hujarun xfs_repair soma hapa

Swali la ndugu yetu nalifupisha hivi: ana seva ya diski tatu. SSD ndogo ya mfumo ilikuwa sda, diski ya data yenye XFS (aina moja ya mfumo wa faili, ext4 ni nyingine) ilikuwa sdb inakaa /srv/data, na diski ya bakapu yenye ext4 ilikuwa sdc inakaa /mnt/bakapu. Ametoka Debian 11 kwenda 12, apgredi ilipita bila kelele, akarestati, mashine ikamtupa kwenye emergency mode (hali ya dharura ya kurekebishia mfumo) na mount ikaandika `wrong fs type, bad option, bad superblock on /dev/sdb1`. Anauliza je superblock (ile sehemu ya maelezo ya mfumo wa faili) imekufa arun xfs_repair, programu ya kurekebisha XFS, au abadilishe tu herufi kwenye fstab (faili linalosema diski ipi imauntiwe wapi) maisha yaendelee, na apgredi ijayo afanyeje isimtokee tena.

Kwanza kabisa ndugu, xfs_repair weka chini. Usiirun, wala fsck usiirun, mpaka umemaliza kusoma. Huo ujumbe wa mount unatisha bure. Ukiuangalia vizuri unataja mambo kama matano kwa mkupuo, sababu kerneli (kiini cha Linux) ikikataa ombi inarudisha namba moja tu ya kosa na mount yenyewe haijui ni kipi hasa kimegoma, kwa hiyo inakusomea orodha nzima ya washukiwa. Kwenye kesi yako mshukiwa ni yule wa kwanza, aina ya mfumo wa faili siyo. Fstab yako inasema sdb1 ni XFS, kerneli imeenda mwanzo wa hiyo partisheni kutafuta herufi XFSB ambazo kila XFS inazo pale, haijazikuta, imegoma. Na haijazikuta kwa sababu sdb1 ya leo ni ile diski yako ya bakapu, yenye ext4, ambayo alama yake inakaa sehemu nyingine kabisa, baada ya baiti 1024 za mwanzo. Data yako nzima iko salama pale ilipokuwa, ila imeamka ikiitwa sdc.

Sasa kwa nini nakukataza xfs_repair kwa ukali hivyo. Ile programu ikikosa superblock ya kwanza haikati tamaa, inaanza kuchambua partisheni nzima kutafuta nakala, maana XFS inaweka nakala ya superblock mwanzoni mwa kila kundi lake la nafasi, zimetapakaa diski nzima. Sasa jiulize, hiyo diski ya bakapu haikuwahi kuwa na XFS huko nyuma kabla hujaifomati ext4? Kama iliwahi, mabaki yale yanaweza kuwa bado yapo huko ndani, programu ikiyaokota itaanza "kurekebisha" XFS ambayo haipo juu ya ext4 ambayo ipo. Hapo ndipo bakapu inakufa kweli. Wengi wanapoteza data kwenye hatua hii ya kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, apgredi yenyewe ilikuwa haijagusa hata faili moja.

Hakikisha kwa macho yako, andika hii hapo hapo kwenye emergency mode:

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,UUID,SERIAL`

Utaona sdb1 ni ext4 na sdc1 ni xfs, saizi na namba za siriali zitakwambia ipi ni ipi. Usiangalie saizi peke yake kama umenunua diski pacha, angalia siriali, ile imechapwa pia kwenye stika ya diski yenyewe.

Haya, majina yanabadilikaje. Jina la sda, sdb, sdc ni kama namba ya foleni, unapewa kwa kufika, kesho ukifika umechelewa unapata nyingine. Kerneli ikiwaka inaanza kuita draiva za kontrola, kila kontrola inaita diski zake, anayeitika kwanza anakuwa a, wa pili b. Hakuna popote palipoandikwa kwamba herufi hizo zitadumu. Kerneli za siku hizi zinatafuta diski nyingi kwa wakati mmoja badala ya moja moja ili mashine iwake fasta, kwa hiyo diski inayochelewa kuzunguka sekunde moja inapitwa na mwenzake. Ukibadilisha kerneli, na wewe umetoka 5.10 kwenda 6.1, draiva zinaweza kupakiwa kwa mpangilio mwingine na foleni inabadilika. Saa ingine hata bila apgredi, ni restati ya kawaida tu, au umesahau fleshi imechomekwa.

Zamani kidogo haikuwa hivi na ndiyo maana watu wazima kwenye hii kazi bado wana mazoea ya kuandika majina ya /dev moja kwa moja. Enzi za IDE (diski za waya wa zamani), hda ilikuwa diski kuu kwenye waya wa kwanza, hdb mdogo wake kwenye waya huo huo, hdc na hdd waya wa pili, ukiing'oa hdb basi hdc inabaki hdc. Jina lilifuata mahali. Halafu draiva mpya za libata zikaingia na diski zote za IDE zikaanza kuitwa sd, Fedora 7 mwaka 2007 ilikuwa kati ya distro za mwanzo kuhamia huko na watu walilia sana, Debian 6 mwaka 2011 ilibidi kabisa wakati wa apgredi ikuulize kama unataka ikubadilishie fstab na mafaili mengine yatumie UUID, yaani namba ya kipekee ya mfumo wa faili. Ule msimbo wa zamani wa IDE ukatolewa kabisa kwenye kerneli 5.14 mwaka 2021. Na siyo Linux peke yake, FreeBSD 9.0 ilibadilisha ad kuwa ada. Kwa hiyo hii ishu ina miaka na itaendelea, usidhani ukinunua NVMe umeponyoka, nvme0n1 na nvme1n1 nazo zinabadilishana vile vile, na mashine pepe ukiihamisha kutoka diski ya aina ya IDE au SATA kwenda virtio unaamka na vda.

Tuje kwenye kuitoa mashine hapo ilipo. Weka paswedi ya root ikikuuliza. Kama root haina paswedi, skrini itakwambia akaunti imefungwa, hapo itabidi uwashe kwa fleshi ya Debian ya kuokolea, umaunti partisheni ya mfumo kwenye /mnt na uhariri /mnt/etc/fstab, kazi ni ile ile. Ukiwa ndani:

`mount -o remount,rw /`
`cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`
`blkid`

Chukua UUID ya kila moja uweke kwenye fstab badala ya jina, itakaa hivi (UUID zako zitakuwa nyingine, usikopi za kwangu):

`UUID=3f1c9a52-7d0e-4b8b-9a61-0c2e5d7f4a18 /srv/data xfs defaults 0 0`
`UUID=b70e44d1-19c3-4f5a-8e27-6a9d03c1ee90 /mnt/bakapu ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Halafu `findmnt --verify` ikuchekie kama umekosea herufi, halafu `systemctl daemon-reload` maana systemd inatengeneza yuniti zake kutoka fstab na bila hiyo inaendelea kukumbuka zile za zamani, halafu `mount -a`, halafu ingia /srv/data na `ls` uone mafaili yako kwa macho. Ukiyaona, restati.

Swali la pili, kwa nini usibadilishe tu herufi. Sababu kesho zinarudi. Na nikwambie kitu ambacho hukukiwaza: we una bahati kwamba moja ilikuwa XFS na nyingine ext4. Kama zote zingekuwa ext4 mashine isingegoma hata kidogo, ingewaka vizuri tu, bakapu ikiwa imemauntiwa /srv/data na data ikiwa /mnt/bakapu, na hakuna mtu angeona kitu mpaka saa nane usiku kroni (kipanga ratiba cha mashine) inaporusha rsync, programu ya kunakili mafaili, yenye `--delete` kutoka /srv/data kwenda /mnt/bakapu. Yaani inachukua bakapu ya jana, inaimwaga juu ya data ya leo, na kila faili jipya linafutwa kwa sababu "halipo kwenye chanzo". Asubuhi una nakala mbili safi kabisa za jana. Kwa hiyo ile emergency mode iliyokukera ilikuwa upande wako.

Na hapo sijamaliza, maana umeniambia skripti yako ya bakapu yenyewe ndani ina `/dev/sdc1`. Hilo ndilo watu wanasahau, wanasafisha fstab wanapumua, kumbe jina limejificha sehemu kibao. Rusha hii:

`grep -rnE '/dev/(sd|hd|vd|nvme)' /etc /usr/local /root /var/spool/cron`

Pitia mstari kwa mstari. Faili linaloniogopesha kuliko yote ni /etc/crypttab, hasa kama una swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) iliyosimbwa kwa ufunguo wa kubahatisha, ule mstari wenye /dev/urandom. Ule kila mashine ikiwaka unachukua partisheni iliyotajwa, hauulizi ina nini, unaifunika kwa usimbaji mpya na kuifomati swapu. Sasa ukiwa umeandika /dev/sdc2 na leo sdc2 ni ya diski nyingine, umeshaagana na kilichokuwemo, kabla hata hujafika kwenye skrini ya kulogin. Na UUID ya mfumo wa faili haikusaidii hapo kwa sababu swapu hiyo inafutwa na kuzaliwa upya kila mashine ikiwaka, hivyo tumia njia ya /dev/disk/by-id au by-partuuid. Hizo zinafuata diski na partisheni, hazijali ndani kuna nini.

Ya pili ni GRUB, ile programu inayoiwasha kerneli. Kwa mashine zinazowaka kwa BIOS ya zamani, Debian inatunza kumbukumbu ya diski gani ya kuandikia sehemu ya mwanzo ya GRUB kila pakiti ikiapgrediwa. Kama kumbukumbu hiyo inaelekeza diski isiyo yenyewe, moduli mpya zinaingia /boot lakini ile sehemu ya mwanzo kwenye diski unayowashia inabaki ya zamani, haziongei. Julai 2020 maboresho ya usalama ya GRUB yalipotoka watu wengi wa Debian na Ubuntu waliamka na `symbol 'grub_calloc' not found` na kubaki kwenye grub rescue kwa sababu hiyo hiyo. Dawa ni `dpkg-reconfigure grub-pc` kabla ya kurestati, uchague diski sahihi. Kama unatumia UEFI hii haikuhusu sana, ila hakikisha /boot/efi kweli imemauntiwa.

Ya tatu ni ndogo, kama mashine inakaa kama nusu dakika hivi kila ikiwaka bila kufanya kitu, angalia /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, huenda inasubiri swapu yenye UUID ya zamani. mkswap ukiirun upya inazaa UUID mpya, watu hawalijui hilo. Rekebisha halafu `update-initramfs -u`.

Sasa kuhusu kumaunti wakati apgredi inaendelea, maana majina ni nusu tu ya habari. Kama una /boot kwenye partisheni yake, kabla hujaanza chapa `findmnt /boot`. Isipojibu kitu maana yake haijamauntiwa, na apgredi haitakwambia, itaandika kerneli mpya kwenye foda tupu la /boot lililo kwenye diski ya mfumo, itasema imefaulu, halafu ukirestati GRUB inasoma partisheni halisi ya /boot ambayo bado ina kerneli ya zamani, na moduli za kerneli hiyo ukizifuta kwa autoremove ndio basi, mtandao hauwaki, diski nyingine hazionekani. Angalia na nafasi, `df -h /boot`, kerneli mbili tatu na initramfs zake (faili dogo la kuanzia kuwaka) zinajaza megabaiti 200 bila jasho. Nyingine, kama ulifuata miongozo ya usalama ukaweka noexec (marufuku ya kurusha programu) kwenye /tmp, baadhi ya skripti za pakiti zinatolewa huko na kurushwa kutoka huko, zitagoma, ondoa noexec kwa muda kwa `mount -o remount,exec /tmp` na urudishe ukimaliza.

Halafu nofail ile niliyokuwekea kwenye bakapu. Kazi yake ni kwamba diski isipoonekana mashine iwake tu, bila hiyo systemd inasubiri sekunde 90 kisha inakupeleka emergency mode, na seva iliyo mbali na wewe hiyo ni safari. Lakini ina upande wake mbaya: mashine ikiwaka bila diski, foda la /mnt/bakapu bado lipo, tupu, kwenye SSD ya mfumo, na skripti itaandika humo kwa raha mpaka SSD ijae. Mi kwa hiyo huwa nafanya mambo mawili, diski ikiwa imeshushwa narusha `chattr +i /mnt/bakapu` ili foda lenyewe lisiandikike, na kwenye skripti mstari wa kwanza ni `mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1`. /srv/data sijaiwekea nofail kwa makusudi, bora mashine igome kuliko programu zako ziwake juu ya foda tupu zikadhani ni mteja mpya.

Kwa apgredi ijayo basi, siku moja kabla hifadhi matokeo ya lsblk hapo juu na `findmnt` na fstab yako sehemu iliyo nje ya mashine, hata picha ya simu inatosha. Restati mashine KABLA ya apgredi ukiwa bado kwenye toleo la zamani, hii watu hawafanyi, ila kama fstab ina kasoro ya miezi sita iliyopita ni heri ijulikane sasa kuliko ichanganyike na apgredi usijue nani mkosaji. Diski za data na bakapu zisizohitajika wakati huo zishushe, ukiweza chomoa kabisa waya. Na soma kama mfumo wako wa faili bado unakubalika kwenye toleo jipya, hii siyo hadithi, RHEL 8 iliitoa Btrfs, ReiserFS imeondolewa kwenye kerneli 6.13, na UUID iwe nzuri kiasi gani haitakusaidia kama kerneli haijui kusoma kilichomo.

UUID nayo ina mtego mmoja. Ukikloni diski kwa dd, UUID inakloniwa pia, ukiziacha zote mbili zimechomekwa mfumo hauna njia ya kujua ipi ni halali. XFS angalau inakataa kumaunti ya pili, ext4 haisemi kitu, inachukua yoyote. Ukimaliza kukloni ipe nakala UUID mpya ikiwa imeshushwa, `tune2fs -U random` kwa ext4 na `xfs_admin -U generate` kwa XFS, au ichomoe. Ukiona UUID zinakuchosha macho tumia LABEL, inasomeka vizuri, ila majina kama "data" kila mtu anayo, ukija kuchomeka diski ya mwenzako yenye lebo hiyo hiyo yanajirudia. Wenye LVM nyie majina ya /dev/mapper yanatosha, LVM inatambua diski zake kwa alama za ndani. Wenye RAID ya mdadm mkiona md0 imeamka md127 msishtuke, safu haijafa, ni mdadm.conf iliyo ndani ya initramfs haina mstari wake, ongezeni matokeo ya `mdadm --detail --scan` kisha update-initramfs.

Ndugu, kuna hali moja tu ambayo majibu yote haya hayakuhusu: kama lsblk inaonyesha diski mbili badala ya tatu. Hapo jina halijabadilika, diski haijaonekana kabisa, na kuhariri fstab ni kupoteza muda. Rudi kwenye menyu ya GRUB, chagua zile chaguo za ziada uwashe kerneli ya zamani ya 5.10 kama bado ipo. Diski ikirudi, tatizo ni draiva ya kontrola kwenye kerneli mpya. Isiporudi na huko, anza na waya na umeme wa diski. Vyovyote itakavyokuwa niletee matokeo ya `dmesg | grep -iE 'ata|scsi|sd[a-z]'` ya kerneli zote mbili tuyalinganishe.